Mpishi Asiyejua Kuandika

Stowmarket
12 Mei 1997

Dada Noreen,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Jiko ni langu! Miaka sita nimemenya vitunguu kwenye kona huku naitwa "wewe wa vitunguu", na msimu huu nimepewa jiko zima la Jumba la Thornmere. Mpishi mkuu, katika ule mchezo wetu wa kuwaonyesha wageni maisha ya mwaka 1581, wiki tatu kamili kuanzia Juni 14. Chini yangu nina watu tisa, na mmoja wao ni meneja wa benki mstaafu ambaye nitamfundisha kuchuna sungura.

Najua umeshaanza kutikisa kichwa. Tikisa ukimaliza unisikilize. Kengele ya asubuhi ikishalia, pale jumbani hakuna anayejua jambo lolote lililotokea baada ya mwaka huo. Hakuna saa, hakuna chai, hakuna viazi. Simu iko ofisini nasi hatuigusi, na usiku tunalala kwenye mahema nyuma ya zizi. Mtoto akiuliza choo kiko wapi unamwelekeza, akiuliza nani kashinda mpira jana unamtazama kama mwehu. Nimepika shuleni miaka thelathini, Noreen, na hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuniuliza chakula kimetengenezwaje. Thornmere wananiuliza kutwa nzima. Ndiyo maana naenda.

Halafu lile jagi ulilonipa Krismasi. Bi. Pargeter, mkaguzi wetu wa mavazi na vyombo, yule anayekupindua hadi upindo wa sketi aone kama umeshonwa kwa mashine, kaligeuza juu chini akasema ndicho kitu pekee cha kweli katika jiko lote. Vyombo vingine vimetengenezwa juzi. Nilivimba kichwa wewe! Tangu Krismasi nalijaza pombe ya tufaha kila jioni, inalala humo, na kesho yake nainywa mchana kutwa badala ya chai ili nizoee. Ni ile kali inayotia meno ganzi. Sijakosa hata siku moja.

Tumbo linanisokota kidogo siku hizi, nadhani ni woga tu wa kazi mpya. Mwandiko uniwie radhi, naandikia magotini.

Mdogo wako,
Averil

*

Grimsby
18 Mei 1997

Averil wewe,

Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Goti langu lilisema inatosha. Hongera! Huyo meneja wa benki mwambie asichune sungura na saa mkononi.

Nimefurahi kusikia jagi limepata heshima zake. Krismasi ya mwaka juzi nilisema huo mchezo wenu ni utoto wa watu wazima, ukaninunia hadi Pasaka. Jagi lile lilikuwa njia yangu ya kuomba radhi, kwa kuwa kwa mdomo huwa siwezi. Nililipata sokoni Louth, kwenye vitu vya kale, kwa mzee mmoja mwenye jino moja aliyeapa kwamba ni bati la enzi zenu hasa. Lilivyo zito, nilibadilisha mkono mara tatu kabla sijafika kituo cha basi.

Lakini huo mwandiko! Kuku akikanyaga wino ataandika vizuri zaidi. Nilipofungua bahasha moyo ulinipiga, nikadhani nimeshika barua mojawapo ya Mama, zile za mwisho mwisho. Nunua meza.

Agosti uje kama kawaida. Tutakaa kwenye ukuta wa ufukweni Cleethorpes tule samaki na chipsi kwenye karatasi, na shakwe watatuibia kama kawaida.

Dada yako,
Noreen

*

Jumba la Thornmere
Juni 16, mwaka wa 1581
(karani anasema niandikishe pia 1997, la sivyo posta wataitupa)

Kwa dada yangu mpendwa Noreen, mjane wa Jessop,

Barua hii ameiandika Bwana Clement Thurgood, karani wa jumba hili, kwa unyoya wa bata bukini. Mimi ni mpishi, na kama wapishi wote wa zama hizi sijui kuandika. Mimi nasema, yeye anaandika. Usishangae.

Jiko linakwenda vizuri. Leo tumeoka mikate arobaini na kuunguza sita. Yule wa benki alizimia alipomwona sungura, sasa yuko kwenye vitunguu. Mtoto mmoja kutoka Ipswich aliniuliza kama huwa naota ndoto za rangi au za nyeusi na nyeupe, maana nimetoka zamani. Nikamjibu, mwanangu, mimi naota miguu yangu imepumzika.

Bi. Pargeter kapita na miwani yake, kakuta kijana wa mkaa kavaa soksi za dukani, na kilichofuata karani anakataa kukiandika. (Nakataa kweli. C.T.)

Usiku mwema. Sina zaidi.

Averil, mpishi.
Alama yake: X

*

Grimsby
19 Juni 1997

Averil,

Sasa hii ndiyo nini?

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta wewe uko wapi ndani yake. Habari za sungura nzuri, nimecheka. Lakini nani huyu Thurgood anayekaa katikati yetu na kuandika "sina zaidi"? Mimi na wewe tumeandikiana tangu nilipoolewa nikahama, miaka thelathini na nane. Uliniandikia ukiwa na uchungu wa kuzaa. Leo umekuwa mpishi wa kuigiza, umepandisha mabega, dada yako anatumiwa alama ya msalaba kama mtu anayedaiwa kodi!

Mchezo una mahali pake. Kengele ya jioni ikilia si mnavua hizo kofia? Basi kaa kwenye hema lako, shika kalamu ya dukani, niandikie mwenyewe. Mistari miwili inanitosha. Ukishindwa hata miwili nitajua nimekuudhi tena na hutaki kuniambia.

Na useme Agosti unakuja na treni ya saa ngapi.

Noreen

*

Jumba la Thornmere
Juni 22

Dada,

Hujaniudhi. Karani ndiye anayeandika, na itakuwa hivyo mpaka tutakapomaliza Julai 5. Ndiyo desturi ya jumba. Agosti sitaweza kuja, nina mambo. Usinisubiri.

Averil.
Alama yake: X

*

Thornmere, hemani
24 Juni 1997

Bi. Noreen Jessop,

Hunijui, ila mwandiko wangu unaujua. Nilikuwa mtu wa posta miaka thelathini na mitatu na sikuwahi kufungua barua ya mtu. Leo naandika barua nyuma ya mgongo wa mtu, jambo ambalo naona ni kosa la aina hiyo hiyo, na nalifanya makusudi.

Hakuna desturi kama hiyo. Wapo hapa wanaonijia niwaandikie kwa ajili ya kuwafurahisha wageni, lakini jioni kila mtu anaandika zake. Averil haandiki kwa sababu hawezi kushika kalamu. Mkono wake wa kulia unalegea kifundoni, unaning'inia. Akiuinua, unatetemeka. Upawa umemdondoka mbele ya watoto mara nne wiki hii, na kila mara amewachekesha wakadhani ni sehemu ya mchezo. Hiyo alama ya X unayoiona inamchukua muda kuliko mimi kuandika barua nzima.

Aliponitamkia barua ile ya pili nilimuuliza kwa nini asikwambie ukweli. Akasema, "Clement, dada yangu ndiye aliyemlisha Mama kwa kijiko miaka mitano. Simrudishii kile kijiko." Anaamini ni ugonjwa huo huo wa mama yenu, ule wa kutetemeka. Anasema nao ulianzia kwenye mwandiko. Daktari hajamwona. Anataka amalize wiki zake tatu, kwa sababu ugonjwa ukishatajwa jina watamnyang'anya kisu na jiko.

Nimeapa kwake nisikwambie. Sasa unajua mimi ni mtu wa namna gani. Jumamosi hii ni siku ya wageni wote, mlango unafunguliwa saa nne asubuhi.

Clement Thurgood

*

Grimsby
Jumapili, 29 Juni 1997
HARAKA

Averil,

Kwanza USINYWE TENA KWENYE LILE JAGI. Kama unasoma hii umelishika, liweke chini. Bw. Thurgood, kama wewe ndiye unayemsomea, lichukue hata akikung'ata. Nimepiga simu ofisini kwenu tangu jana jioni, naongea na mashine.

Sasa nikueleze, maana jana niliondoka kwa hasira na hasira hizo nimezitua njiani.

Nilikuja kwa ajili yako. Nimepanda treni tatu na goti langu hili. Naingia jikoni, wageni wamejaa, nakuona umekonda, uso umekuwa rangi ya unga. Nikasema, "Averil, ni mimi." Ukanitazama machoni, dada yako wa tumbo moja, ukasema, "Karibu, bibi. Waonekana umetoka mbali, na hivyo viatu vyako ni vya nchi gani?" Watu wakacheka. Nikasema, "Acha upuuzi, unaumwa?" Ukasema, "Kuumwa ni kwa matajiri, bibi, sisi tuna mikate." Wakacheka tena. Nikakwambia mimi ni Noreen. Nawe ukaniambia, mbele ya wale watu wote, "Dada yangu Noreen yuko kaskazini na mumewe Stan, fundi wa paa za makanisa. Wazima wote wawili. Ukipita huko wasalimie." Ukacheka mdomo wazi kabisa.

Stan wangu ana miaka tisa kaburini, Averil. Nilitaka kukupiga kibao. Nikaondoka.

Sasa najua kwa nini ulifanya vile. Ungetoka kwenye mchezo hata kidogo ungelia, na ungelia mbele yangu, na mimi ningejua. Nimekujua tangu unanyonya. Lakini jana sikufikiri hivyo. Nilikaa stesheni ya Peterborough kusubiri treni, na chai, na hasira, na Stan uliyenitumbukizia kichwani. Nikamfikiria Stan hasa, Stan wa mwaka sabini na moja, tulipokuwa na nyumba ile ya Scartho. Alikuwa akiezeka makanisa kwa mabamba ya madini ya risasi, anayakata, anayayeyusha, anakula mkate wake bila kunawa mikono. Tumbo likaanza kumsokota. Akakonda, akawa rangi ya unga. Mkono wa kulia ukalegea kifundoni ukawa unaning'inia, hata kufunga vifungo vya shati nilimfunga mimi. Na ulipocheka jana niliona ufizi wako wote. Pale meno yanapoingilia kwenye ufizi una mstari mwembamba, kijivu cha kwenda bluu, kama mtu kauchora kwa penseli. Nilikuwa nikiuona mstari huo kila asubuhi Stan alipokuwa akipiga mswaki. Chai ilinimwagikia mapajani.

Daktari wa Stan alituambia sumu ya risasi huingia polepole na kazi. Wewe huezeki paa. Nikajiuliza treni nzima, huyu anaipata wapi? Halafu nikalikumbuka lile jagi lilivyokuwa zito. Bati la kale lilikuwa likichanganywa na risasi, Stan mwenyewe alikuwa akinifundisha kulitambua kwa kulikwaruza kwa kucha. Na wewe umelitia kitu kichachu kinachoiyeyusha risasi usiku kucha, ukakinywa mchana kutwa tangu Krismasi. Hakuna mtu mwingine katika nchi hii ambaye angefanya hivyo! Watu wenye akili wanaweka maua.

Nenda kwa daktari kesho. Usimwambie unatetemeka tu. Mwambie apime risasi kwenye damu, useme neno hilo hilo, na umwonyeshe ufizi. Stan alikaa miezi minne bila kugusa risasi na mkono ukarudi. Kile kibanda cha bustani alikijenga baada ya hapo.

Jagi nilikupa mimi. Nimeliangalia jambo hili kila upande na halibadiliki. Nililichagua mwenyewe, nikalifunga kwa utepe.

Nisamehe. Safari hii naandika kwa kalamu, kwa hiyo nimeweza kulisema.

Noreen

*

Thornmere
3 Julai 1997

Dada Noreen,

Karani bado ndiye anaandika, ila leo sitasema ni desturi.

Barua yako ilifika Jumanne asubuhi wakati kengele inalia. Clement aliisoma kimya, akanyanyuka, akalichukua jagi mezani mbele ya watoto wa shule sitini akaimwaga pombe yake nje dirishani. Nikamwambia, "Karani, umepagawa?" Akasema, "Ni amri ya bibi wa kaskazini." Bi. Pargeter alikuja mbio akilalamika kwamba kitu pekee cha kweli kimeondolewa jikoni na mahali pake pamewekwa jagi la udongo la duka la zawadi. Clement akamwambia ukweli wa jagi lile utaonekana kwenye maabara.

Nilikasirika nawe, Noreen. Sina budi kulisema. Nilikuwa nimeshajipanga. Nilikuwa nimekubali kwamba ni ule wa Mama, nikahesabu nimebakiwa na kiangazi kimoja kizuri, nikakichagulia jiko hili. Halafu wewe unakuja na matumaini yako na penseli. Matumaini yananitia hofu kuliko ugonjwa.

Lakini nilikwenda. Clement alinipeleka wakati wa mapumziko, hatukuwa na muda wa kubadili nguo. Nimekaa chumba cha kusubiria kwa daktari nikiwa na kofia ya kitani na aproni yenye damu ya bata. Mzee mmoja alihama kiti. Daktari Sowerby ni binti mdogo, alianza kuniuliza habari za Mama, na nikaona macho yake yanavyolegea, nikajua anawaza ninachowaza mimi. Basi nikamwambia neno lako. Nikafungua mdomo. Akachukua taa, akatazama. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema ni mpishi wa mwaka 1581. Akaandika!

Damu imechukuliwa. Jibu ni wiki ijayo. Kama damu itakuwa safi, basi ni ule wa Mama, na utakuwa umeniinua ili nianguke kutoka juu zaidi. Sikulaumu. Nataka tu ujue kwamba usiku silali.

Ya Stan nisamehe. Ulipoingia jikoni nilitafuta kitu chochote cha kusema kisichokuwa "dada nisaidie", nikampata yeye. Nilitaka tu awe hai mahali fulani.

Nimebakiwa na siku mbili za jiko. Kisu kimechukuliwa na yule wa benki. Anachuna sungura sasa, huwezi kuamini.

Averil.
Alama yake: X

*

Stowmarket, nyumbani
11 Julai 1997

Dada Noreen,

Ni Clement tena, kwa kalamu ya dukani, kwenye meza ya jikoni kwa Averil. Kanunua meza, ananiambia uliagiza.

Najua nilikupigia simu jana jioni akiwa amekaa kando yangu, na najua sote watatu tulikuwa tukiongea kwa pamoja na hakuna aliyesikia kitu. Anataka sasa uambiwe kwa utaratibu. Naandika anavyosema.

Daktari Sowerby alimpigia mwenyewe, hakungoja afike. Alisema, "Bi. Averil, umekaa?" Averil akasema amekaa, na hakuwa amekaa. Risasi kwenye damu ni nyingi kiasi kwamba maabara walipima mara mbili wakidhani wamekosea. Mtaalamu wa neva kamwona leo asubuhi kule Ipswich, kamgongagonga magoti, kamtembeza kwenye korido, kamwambia haoni dalili yoyote ya ugonjwa wa mama yenu. Hata moja. Atapewa vidonge vya kuitoa sumu, na mkono utarudi, polepole, labda kabla ya Krismasi.

Anasema aliposikia "hata moja" alikaa sakafuni pale korido, na nesi akadhani ameanguka, akamletea kiti cha magurudumu. Alikataa kupanda. Alimwambia nesi miguu anayo, anaipumzisha tu.

Anasema jagi limepimwa, na mle ndani sehemu nne ni bati na moja ni risasi. Bi. Pargeter ameomba liwekwe kwenye kabati la kioo pale jumbani, likiwa na maelezo. Averil amekubali kwa sharti kwamba maelezo yataje jina lako. Nimemwambia huo ni uchokozi. Anasema ndiyo.

Anasema neno moja kuhusu utepe. Anasema jagi lile halikumletea sumu tu, lilimrudishia na dada. Mtu mwingine angekuja jikoni siku ile angemwona mpishi anacheka. Wewe uliona ufizi. Kwa hiyo anaona mmelipana, na hataki kusikia tena habari za kusamehe.

Sasa ameninyang'anya kalamu. Nimemwambia apumzike. Ananiambia nitoke jikoni mwake.

*DADA*

*si ule wa Mama*

*Agosti treni ya saa nne. mwandiko ni wa kuku uzoee*

*Averil*